Mizinga Mbali na Nyumba: Kuchagua Mahali pa Manzuki

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya nyuki, lakini sitaeleza namna ya kuchonga mzinga wala namna ya kurina asali. Hayo wengi wenu mnayajua, na wazee wa Tabora, Mpanda na Manyoni wanaweza kunifundisha mimi. Nataka tuzungumze jambo moja tu: mzinga ukishakuwa tayari, utautundika wapi?

Ukiuliza swali hili kijijini utajibiwa upesi: "Mbali na nyumba." Ni jibu zuri, na mtu asiyelifuata anatafuta balaa. Lakini halitoshi. Mbali kiasi gani? Na mbali na nyumba ya nani? Maana mtu anaweza kuiondoa mizinga nyuma ya jiko lake, akatembea robo saa porini, akaitundika mahali panapompendeza, kumbe ameiweka mlangoni pa mwenzake.

Tuanze na nyuki wenyewe. Nyuki wetu wa Afrika ana sifa ya ukali, na sifa hiyo ameipata kwa sababu. Maadui zake ni wengi: nyegere, siafu, moto, na binadamu mwenye panga na mwenge. Kundi lisilojua kujilinda halidumu. Nyuki mlinzi akidunga, mwiba wake hubaki katika ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na papo hapo hutoka harufu inayowaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Ikishakushika, kila nyuki anayetoka mzingani anajua aende wapi. Na vitu vinavyowachokoza ni vya kawaida kabisa katika maisha ya mkulima: kishindo cha shoka, mtikisiko wa jembe, jasho, pumzi ya mtu au ya mnyama, na nguo nyeusi.

Mtu mzima akishambuliwa anaweza kukimbia. Mbuzi aliyefungwa kamba hawezi, wala kuku aliye tunduni, wala mgonjwa aliyelala uani, wala mtoto mchanga aliyelazwa chini ya mti wakati mama yake anapalilia.

Katika kijiji kimoja nilichopata kukitembelea kulikuwa na mzinga juu ya mwembe, nyuma ya jiko. Mwenye mzinga alikuwa akiwaambia majirani kwamba nyuki wake wamezoea watu. Kweli, miaka miwili ilipita salama. Mwaka wa tatu, watoto wakiwa wanaangua maembe kwa fimbo, fimbo moja iligonga mzinga. Mbuzi watatu waliokuwa wamefungwa chini ya mwembe ule walikufa kabla mtu hajaweza kuwafungulia, na bibi mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa anaanika mtama wake, alilazwa hospitali siku nne. Mwenye mzinga alilipa mbuzi, lakini majirani hawakutaka tena kusikia habari ya nyuki katika kitongoji chao.

Ndugu mkulima, nyuki hawazoei watu. Kundi likiwa dogo na halina akiba, huwa pole kwa sababu halina kitu cha kulinda. Likijaa majana na asali, nyuki wale wale hubadilika. Kwa hiyo usipime mahali pako kwa upole wa nyuki wa mwezi wa kwanza.

Sasa umbali. Mimi huwashauri wakulima wasipungue mita 300 kutoka nyumba yoyote, shule, zahanati, zizi, barabara na kisima. Kwa mtu mzima hizo ni kama hatua 400. Ukipata zaidi ni vizuri zaidi. Mahali penye kichaka kizito au ua wa miti ya mita 2 kwenda juu pana faida, kwa sababu nyuki wakitoka mzingani hulazimika kupanda juu, wakapita hewani juu ya vichwa vya watu. Elekeza milango ya mizinga upande wa pori, isitazame njia wala shamba la mtu.

Lakini hatua 400 hizo zihesabiwe kutoka kwa watu wote wanaopita pale, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anakwenda porini mwezi wa Agosti, majani yamekauka, haoni njia wala nyayo, anasema hapa hapana watu. Mvua za kwanza zikinyesha, akina mama wanaingia pori lile lile kutafuta uyoga, na wenye kutafuta uyoga hawafuati njia, hutembea wameinama kutoka mti hadi mti. Wachunga ng'ombe nao wana njia zao za kiangazi na za masika, na wanafunzi wana njia za mkato ambazo mzazi hazijui.

Basi kabla ya kuamua, uliza. Usiwaulize wazee wenzako tu barazani. Waulize akina mama wanakotafuta kuni na uyoga, waulize wachungaji wanakonyweshea, waulize watoto wanakopita kwenda shule. Kisha uende mwenyewe mara mbili au tatu, asubuhi na jioni, na kama unaweza, uende kiangazi na wakati wa mvua. Gharama yake ni miguu tu.

Jambo la pili ni maji, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Mtu anaiweka mizinga yake mbali na nyumba kama alivyoshauriwa, halafu nyuki wanamfuata hadi nyumbani. Wanafuata nini? Maji. Nyuki hunywa maji kama mfugo mwingine, tena hutumia maji kupoza nyumba yao. Majana yanahitaji joto la digrii 34 hadi 36 za Sentigredi. Jua likizidi, nyuki huleta maji, huyatandaza matone madogo juu ya masega, kisha hupepea kwa mabawa. Kiangazi cha Oktoba kundi kubwa hufanya kazi hiyo mchana kutwa.

Kama maji ya karibu kuliko yote ni kisima cha kijiji, nyuki wako watakuwa kisimani, wakitambaa juu ya ndoo na kata za akina mama. Utasema mizinga yangu iko mbali. Ndiyo, lakini nyuki wako karibu. Na ugomvi wa kisimani ni mgumu kuusuluhisha kuliko ugomvi wa shambani.

Kwa hiyo tafuta mahali penye maji yasiyokauka, mto mdogo au chemchemi, katika umbali usiozidi nusu kilomita kutoka mizingani, hayo maji yakiwa karibu kuliko kisima cha watu. Kama hakuna, peleka maji wewe. Karai linatosha, au gogo lililochongwa kama mtumbwi mdogo. Weka ndani mawe na vijiti nyuki wapate pa kukanyaga, la sivyo watazama. Anza kuweka maji hayo mapema, kabla kiangazi hakijakaza, maana nyuki wakishazoea mahali pa kunywa si rahisi kuwahamisha. Tena usiyaache yakauke hata siku mbili. Ukiona huwezi kupeleka maji mahali hapo kila mara, basi jua kwamba mahali hapo hapakufai, hata maua yakiwa mengi namna gani.

Tukija kwenye chakula, nyuki anaweza kuruka kilomita 3 kutoka mzingani, na hata zaidi akilazimika. Lakini akienda mbali sana, sehemu ya mbochi anayobeba huiteketeza njiani kama mafuta ya gari. Asali nyingi hutoka katika maua yaliyo karibu. Ukichukua hizo kilomita 3 kila upande wa mizinga yako, unapata eneo la hekta 2,800 hivi, yaani kama eka 7,000. Hilo ndilo shamba la nyuki wako. Hukulilima, huna hati yake, na sehemu kubwa ni ya watu wengine.

Lipitie shamba hilo na ujue lina miti gani na inachanua lini. Katika misitu ya miombo ya Tabora na jirani zake, mitundu na miyombo huchanua kiangazi kikielekea kwisha, kabla ya mvua kuanza. Muba huchanua mvua zikielekea kwisha. Penye aina zote mbili nyuki hupata misimu miwili, na ndiyo sababu misitu ile ina sifa ya asali tangu zamani. Kwingine mtategemea migunga, alizeti, mikahawa, miparachichi au michungwa. Kinachotakiwa ni maua yanayofuatana. Mahali penye maua ya mwezi mmoja na njaa ya miezi minane, kundi litahama, nawe utabaki na mzinga wenye nondo wa nta.

Na kwa kuwa shamba la nyuki ni kubwa hivyo, jihadhari na dawa za wadudu. Pamba ya jirani iliyo kilomita 2 kutoka mizingani kwako iko ndani ya shamba la nyuki wako. Dawa ikipigwa asubuhi maua yakiwa wazi, jioni utakuta nyuki wamelala chini mbele ya mzinga, wafu na wanaotetemeka. Zungumza na wenye mashamba mapema, kabla ya msimu. Waombe wapige dawa jioni sana, nyuki wakiwa wamerudi, tena wakuarifu siku yenyewe. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, hasa ukiwaeleza kwamba nyuki hao hao huwasaidia maua ya mazao yao kushika. Kama mashamba ya dawa yamezunguka kila upande, usibishane nayo. Tafuta pori jingine.

Kivuli, upepo na unyevu nitavipitia haraka. Mizinga ipate jua la asubuhi ili nyuki waamke mapema, lakini ipate kivuli mchana. Nta hulegea kwa joto, na sega jipya lililojaa asali hukatika kwa uzito wake, likaanguka pamoja na nyuki. Epuka kilele cha mlima na uwanda usio na kizuizi cha upepo. Epuka pia bonde lenye umande na ukungu, au penye maji yanayotuama masika, kwa sababu masega huota ukungu. Ubavu wa kilima wenye miti, chini kidogo ya kilele, mara nyingi ndiyo mahali pazuri.

Moto ni adui mkubwa zaidi, na mwenye mizinga ya mbali hauoni unapowaka. Kuanzia Juni pori la miombo ni kama unga wa baruti. Fyeka nyasi zote chini ya mizinga, kisha uzungushe mkanda usio na majani, mita 3 au zaidi kwa upana, na uufanye mapema nyasi zikiwa bado zina ubichi kidogo. Tena wewe mwenyewe usiwe mwenye kuleta moto: anayerina kwa mwenge huangusha makaa, na pori zima huondoka kwa ajili ya debe moja la asali. Tumia bomba la moshi, na ukimaliza hakikisha makaa yamezimwa kwa maji.

Nyegere na siafu watakufuata popote utakapokwenda, lakini mahali pazuri hukusaidia kuwazuia. Tafuta miti au simika nguzo ambazo unaweza kufunga waya katikati yake, mizinga ikaning'inia kama mita 1 na robo hadi 1 na nusu kutoka ardhini. Nyegere ni hodari wa kupanda mti, lakini mzinga unaobembea kwenye waya, mbali na shina, haumpi pa kushika. Paka waya oili chafu au grisi, na ukate matawi yote yanayogusa mzinga, maana siafu mmoja akipata daraja ataleta ukoo mzima.

Nimesema mengi juu ya kuwa mbali. Sasa niseme juu ya kuwa karibu. Mizinga iwe mbali na watu, lakini isiwe mbali na miguu yako. Kila wiki mbili, au angalau mara moja kwa mwezi, mwenye mizinga anapaswa kupita, si kuifungua, bali kuitazama tu: nyuki wanaingia na unga wa maua? Kuna siafu? Waya umelegea? Mahali panapohitaji safari ya siku nzima hapatembelewi. Mwezi wa kwanza utakwenda, wa pili utakwenda, wa tatu kuna kupalilia, wa nne kuna msiba. Na mwizi naye anahesabu. Anajua mizinga ambayo mwenyewe haonekani.

Tena fikiri siku ya mavuno. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi. Nani ataibeba, kwa njia gani, usiku? Ningependa mizinga iwe mahali unapofika kwa baiskeli katika muda wa nusu saa au saa moja, kisha ukatembea kidogo. Kama pori zuri liko mbali zaidi ya hapo, ungana na wenzako wanne au watano, mtundike mahali pamoja, kila mtu na alama yake kwenye mizinga yake kama wazee walivyofanya, na mpeane zamu za kutembelea.

Mahali pakishapatikana, pana mwenyewe. Ardhi ya kijiji ombeni kwa serikali ya kijiji, na makubaliano yaandikwe. Msitu wa hifadhi usiuingie bila kibali cha ofisi ya misitu. Nchi yetu ina Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 2002, na Bwana Nyuki wa wilaya atawaeleza inavyotaka. Karatasi hiyo inaonekana ni usumbufu mpaka siku mtu mwingine atakapokuja na shoka akisema eneo ni lake.

Usipeleke mizinga 30 siku ya kwanza. Tundika 3 au 4, umeipaka nta ndani, wiki kadhaa kabla ya maua makubwa kufunguka. Nyuki wakiingia wenyewe na wakakaa msimu mzima, mahali hapo pamekubaliwa na wenye kujua kuliko mimi na wewe. Wasipoingia msimu wote, au wakaingia wakahama, ihamishe. Mzinga mtupu ni mwepesi kuhamisha.

Wenye nyuki ndani ni habari nyingine. Wako watu wengi ambao tayari wana mizinga nyuma ya nyumba na wangependa kuitoa. Mtu hufikiri: nitaifunga usiku, niipeleke hatua 400 porini, basi. Hapana. Nyuki hujifunza mahali pa mzinga wake kwa kutazama miti na vitu vilivyo jirani, na hukumbuka. Ukiuhamisha mwendo mfupi, kesho yake nyuki wakubwa wanaokwenda kutafuta chakula watarudi pale pale pa zamani. Watakuta mzinga haupo. Watazunguka ukutani kwako na jikoni kwa mkeo, maelfu kwa maelfu. Umeondoa mzinga, umewaacha nyuki.

Njia rahisi ni kungoja. Rina asali msimu ukifika, na kundi likihama lenyewe, uondoe mzinga huo siku hiyo hiyo kabla kundi jingine halijaingia. Wakati huo mizinga yako mipya iwe tayari imetundikwa porini. Katika muda wa kungoja, hamisha mbuzi na kuku upande mwingine, na watoto waambiwe kwa ukali kabisa.

Kama hali ni mbaya na huwezi kungoja, mzinga wenye nyuki uhamishwe usiku, mwendo unaozidi kilomita 5. Ukitaka kuurudisha mahali pa karibu zaidi, uuache huko wiki 3, ndipo uulete, nao watakuwa wamejifunza upya. Kazi hiyo isifanywe na mtu mmoja, wala na mtu asiyekuwa na mavazi. Punguza kwanza masega yaliyojaa asali, maana yatakatika njiani. Ziba mlango kwa wavu wa waya upitishao hewa, si kwa udongo mtupu, la sivyo watakufa kwa joto. Uchukueni watu wawili kwa mti mabegani, polepole, bila kuuinamisha wala kuutikisa, na bomba la moshi likiwa tayari. Kama hamjawahi kuifanya, mwiteni Bwana Nyuki awe nanyi.

Mwisho, hata mizinga ikiwa mbali vizuri, siku ya kuifungua wapeni habari majirani na wachungaji mapema. Fanyeni jioni jua likizama, wakati mifugo imesharudi zizini. Nyuki wakiwazidi, funikeni mizinga na mwondoke kupitia vichaka, msikimbilie kwenye nyumba za watu. Mwiba ukikudunga, ukwangue upesi kwa ukucha, kisha ufukize moshi mahali hapo kufunika ile harufu niliyowaambia. Mtu aliyedungwa mara nyingi, au anayevimba uso na kupumua kwa shida hata kama amedungwa mara moja tu, apelekwe zahanati usiku huo huo, asingojwe asubuhi.

Katika mazungumzo yajayo tutaona namna ya kufunga waya na kutundika mizinga juu ya nguzo, mahali ambapo hakuna miti mikubwa. Mwe na waya na koleo karibu.